Chuma Tulichokisoma Bila Kukikata

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, mke na watoto wawili, na kazini niliitwa boi. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaonisikia nikisimulia habari za boila la kinu cha nazi hudhani hasira yangu ilianza siku lilipopasuka. Haikuanza siku hiyo. Siku hiyo ilipata mahali pa kukaa, basi.

Nilizaliwa kusini, kwa watu wanaochonga mpingo. Baba alichonga, kaka zangu walichonga. Mie sikuwa na mkono wa kuchonga, nilikuwa na mkono wa kusugua. Kinyago kikimalizika waliniletea, nami nikakisugua kwa majani ya msasa, yale ya mti wenyewe, mpaka weusi ukang'aa kama umemwagiwa mafuta. Nilipofika Dar es Salaam nikapanga chumba Temeke, nikaenda kuomba kazi katika karakana moja ya barabara ya Pugu. Msimamizi akanipa bomba la shaba lililoota ukungu wa kijani, akaniambia nilisafishe. Nilipomrudishia alijitazama meno ndani yake. Nikaajiriwa.

Wiki chache baadaye akaja injinia mmoja Mwingereza aliyekuwa akikagua maboila, yaani matangi ya chuma ya kutengeneza mvuke, ya viwanda vya pembeni mwa mji. Akaliona lile bomba limewekwa dirishani, akauliza nani amelisugua. Msimamizi akaninyooshea kidole. Tangu siku hiyo nikawa boi wa injinia.

Zamani, injinia akitaka kujua chuma cha boila kina hali gani ndani, alikata kipande cha ukubwa wa shilingi, akakipeleka mezani kwake, akakisugua na kukitazama kwa hadubini. Tundu lililobaki lilibidi lizibwe, na wenye viwanda walichukia mno jambo hilo, maana boila lenye tundu halitoi mvuke. Huyu wangu alikuja na njia ya kukisoma chuma palepale kilipo, bila kukikata.

Unachagua mahali, upana wa kiganja cha mtoto. Unaondoa masizi na kutu kwa tupa, halafu unapiga msasa mkali, halafu laini, halafu laini zaidi, kila mara ukigeuza upande ili mikwaruzo ya msasa mpya ifute ya ule uliotangulia. Unamalizia kwa kitambaa cha sufu na unga mweupe uliolowekwa maji, mpaka chuma kinakuwa kioo. Hiyo ni kazi ya saa mbili, wakati mwingine tatu, na mkono hauruhusiwi kuwa mzito, kwa sababu ukikandamiza uso wa chuma unavurugika, na anayesoma atasoma uongo. Kisha unadondosha matone machache ya asidi iliyochanganywa na spiriti. Kioo kinafifia kama kilichopuliziwa pumzi. Unahesabu hadi kumi, unaosha kwa spiriti, unakausha. Asidi imekwisha kula kidogo, kidogo sana, kwenye mipaka ya chembe za chuma. Juu yake unapaka tone la dawa ileile ambayo wauguzi hupaka kwenye vidonda vidogo, ile inayokauka ikawa kama ngozi ya kitunguu. Ikikauka unaibandua polepole. Ngozi hiyo imebeba sura yote ya chuma, kila bonde na kila tuta. Unaibandika kwenye kipande cha kioo, unatoka nayo nje, unaiweka chini ya hadubini. Boila linabaki zima.

Kusugua kote kulikuwa kwangu. Kubandua kulikuwa kwangu. Yeye alitazama.

Hakunifundisha kusoma kwa wema. Alinifundisha kwa sababu alijivunia njia yake na hakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha. Siku moja aliniita, akaniambia nitazame. Nikaona chembe nyeupe zimebanana kama vigae vya sakafu, na katikati yake chembe za giza zenye mistari myembamba iliyolala pamoja, kama alama za kidole gumba. Akasema hicho ni chuma kizima. Siku nyingine, katika kiwanda kingine, akanionyesha chembe zilezile, lakini mistari ilikuwa imekatikakatika, imekuwa vidonge. Akaniambia chuma hicho kimepikwa muda mrefu kwenye joto lisilo lake, na nguvu yake imekwisha ingawa kwa nje ukikigonga kinalia vizuri. Nilishika somo hilo siku ileile. Miaka miwili nilitazama ngozi zile pamoja naye, na mwisho wa mwaka wa pili nilikuwa najua jibu kabla hajainua kichwa.

Kila mahali tulitoa ngozi mbili. Yeye aliandika kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha kila ngozi: kiwanda gani, sehemu gani ya boila, siku gani, na herufi za jina lake. Iliyo safi alikwenda nayo, ya pili aliitupa kwenye ndoo ya takataka. Mie niliziokota zile za ndoo. Sikuwa na mpango wowote nazo. Nilizipenda kwa sababu zilikuwa kazi ya mkono wangu, nikazifunga kwenye kitambaa nyumbani.

Kinu cha nazi kilikuwa nje kidogo ya Temeke. Walikamua mafuta, na mitambo yao ilikwenda kwa mvuke. Boila lao lilikuwa pipa la chuma lililolala, refu kuliko lori, na ndani yake lilipita bomba pana ambamo moto wa vifuu na kuni uliwaka. Maji yalilizunguka bomba hilo pande zote. Boila likipoa, mtu aliweza kutambaa ndani ya bomba hadi mwisho. Mtu huyo nilikuwa mie.

Meneja wa kinu alikuwa ameyaacha maji ya bomba la mji, akachimba kisima chake. Maji ya kisima kile yalikuwa ya chumvi, hata wafanyakazi hawakuyanywa. Yakichemka yaliacha ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika, na ukoko ukiwa mnene joto la moto haliyafikii maji vizuri. Linabaki kwenye chuma. Chuma kinaungua huku maji yamejaa juu yake tele.

Nilikaa ndani ya bomba lile asubuhi nzima, chali, nikisugua dari lake juu ya mahali pa moto. Masizi yaliniingia machoni, unga ulinidondokea mdomoni, na asidi ilinichoma shingo mahali ambapo hadi leo pana kovu. Nikatoa ngozi mbili za dari na mbili za ubavuni, chini, mbali na moto. Injinia akazitazama nje, kivulini. Ya ubavuni ilikuwa nzima. Ya dari aliitazama kwa muda mrefu, akaondoa jicho, akalirudisha.

"Mbaya hii," akasema. "Mbaya sana."

Nikatazama nami. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliobaki. Vidonge vitupu.

Akaingia ofisini kwa meneja. Walikaa humo nusu saa, nikamwona anatoka amewekewa mkono begani, wanacheka. Njiani nikamuuliza kama watalifungua boila kuondoa ukoko na kubadilisha chuma cha dari. Akanijibu kwamba hiyo si kazi yangu. Baadaye sana karani wa kinu, kijana wa bara aliyekuwa akipiga taipu barua za meneja, aliniambia ripoti iliandika nini. Iliandika kwamba dari lina dalili za joto, na kwamba linaweza kuendelea kutumika kwa uangalifu mpaka msimu wa mbata, nazi kavu za kukamua, uishe. Kwa uangalifu. Nimeyatafuna maneno hayo miaka mingi, na sijapata kujua ni uangalifu gani wa mtu asiyeambiwa aangalie nini.

Wiki mbili baadaye kinu kilifungwa siku nne. Nilipopita niliona mbele ya boila pamepakwa rangi mpya ya kijani. Nikaamini wamelitengeneza. Mtu mzima, niliyekisoma kile chuma kwa jicho langu, niliamini rangi.

Wakati huo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amefika kutoka kusini. Alilala kwetu, na kila asubuhi alitoka kutafuta kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwangalifu hata katika kula, na mke wangu alimlea tangu mama yao alipofariki. Niliposikia kinu cha nazi kinatafuta fayamani, yaani mtu wa kutia kuni na kulinda maji ya boila, nilikwenda mie mwenyewe kumwombea kwa karani. Nilimsindikiza siku ya kwanza. Nilimwonyesha kioo kidogo cha mbele kinachoonyesha maji yamefika wapi, nikamwambia asiyaache yashuke chini ya nusu. Hakuyaacha kamwe. Wenzake walimtania kwamba anakitazama kioo kuliko anavyotazama wanawake.

Alifanya kazi miezi mitatu. Siku moja ya masika, adhuhuri, karani alikuja karakana kwa baiskeli, amelowa, akaniita pembeni. Akasema boila limepasuka ndani, na shemeji yangu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa moto.

Dari la lile bomba lilikuwa limelegea, likabonyea, likachanika. Maji yanayochemka na mvuke vilitokea kwenye mlango wa moto, pamoja na makaa. Vilimpata kuanzia kifuani kwenda chini, na mkono wa kulia wote. Nilimkuta hospitali amefungwa vitambaa hata sikujua nimwamkie upande gani. Alinitambua. Aliniambia kitu kimoja tu, akakirudia mara mbili.

"Shemeji, maji yalikuwa juu. Yalikuwa juu ya nusu."

Nikamwambia najua. Akasema nisiseme najua, niende nikawaambie.

Mke wangu alikuwa amekaa chini, ubavuni mwa kitanda. Tulipotoka nje ya wodi nilimweleza, kwa kuwa sikuweza kubaki nalo, kwamba kabla ya nduguye kuajiriwa tulikuwa tumekitazama chuma kile na kilikuwa kibovu. Alisimama. Aliniuliza kama nilijua hivyo siku nilipompeleka. Nikasema nilidhani wametengeneza. Akaniuliza nani aliniambia. Nikasema hakuna.

"Uliona," akasema, "ukanyamaza."

Alikwenda zake. Tuliishi chumba kimoja wiki tatu bila yeye kunitazama usoni. Alinipakulia chakula, alinijibu nilipomwamkia, lakini macho yake yalikuwa kwingine. Sikumlaumu. Hasira niliyokuwa nayo kwa injinia na meneja ilikuwa na nusu yake nyingine, na nusu hiyo ilikuwa juu yangu.

Siku ya tano askari alikuja wodini kuchukua maelezo. Kinu kilikuwa kimekwisha kusema chanzo: fayamani aliacha maji yakauke, chuma kikapata moto, kikapasuka. Uzembe. Kutakuwa na baraza la uchunguzi mbele ya bwana shauri, afisa wa serikali wa wilaya, na likiamua hivyo, atashtakiwa. Mtu hawezi kushika kijiko, wanamwambia atashtakiwa. Nikaenda kwa injinia asubuhi iliyofuata, nikamkumbusha ile ngozi ya dari. Alikuwa anajaza kiko chake. Hakubisha kwamba aliiona. Alisema mambo haya ni magumu, kwamba boila likikosa maji hata chuma kizuri kitapasuka, na kwamba nirudi kazini. Nikamwambia aliyeungua ni ndugu yangu. Akasema pole, kwa Kiingereza, bila kuinua macho kutoka kwenye kiko.

Siku ileile jioni nilifungua kitambaa changu. Ngozi ya dari ilikuwamo, na ya ubavuni ilikuwamo, kila moja na karatasi yake, mwandiko wake, siku yake. Siku hiyo ilikuwa kabla shemeji hajakanyaga kinu. Kwa hiyo niliyoyashika mkononi yalikuwa ni haya: chuma kilikuwa kimekwisha kuharibika wakati yeye bado yuko kwao kusini analima mihogo. Lakini bila hadubini vilikuwa vioo viwili vyenye utando. Hadubini ya injinia nisingeweza kuigusa tena bila yeye kuwapo.

Msaada ulitoka wodini. Palikuwa na mtu wa maabara, Mhaya wa Bukoba, Mkristo mtulivu aliyepanga Kinondoni, ambaye alipita kila asubuhi kuchoma wagonjwa vidole na kuchukua damu. Nikaona sinia lake limejaa vipande vya kioo kama vyangu. Nikamsubiri mlangoni, nikamuuliza kama hadubini yake ya malaria inaweza kutazama kitu kisicho damu. Nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nije Jumamosi mchana, mkubwa wake akiwa ameondoka.

Mwanzoni hatukuona kitu. Taa yake ilipiga kutoka chini moja kwa moja, na ngozi ilikuwa angavu kama maji. Nikakumbuka kwamba injinia siku zote aliacha mwanga uingie kwa ubavu. Mhaya akakigeuza taratibu kioo cha chini ya hadubini kinachopokea mwanga, mwanga ukalala upande, na chuma kikatokea. Alitazama ngozi ya ubavuni, halafu ya dari, halafu tena ya ubavuni.

"Hii ya kwanza ina mistari," akasema. "Ya pili imeoza."

Hakuwa amefundishwa chuma hata siku moja, na hakuhitaji nimwonyeshe tofauti. Akachukua penseli, akachora zote mbili kama alivyozoea kuchora vijidudu, akaandika jina lake chini ya michoro. Nikamwambia anaweza kupoteza kazi. Akasema anajua, akaendelea kuandika.

Baraza lilikaa katika chumba cha ofisi ya wilaya, asubuhi. Bwana shauri alikuwa katikati, mkalimani kushoto kwake, meneja na injinia kwenye viti, sisi kwenye benchi. Shemeji aliletwa akiwa amesimamiwa na mke wangu. Meneja alisema yake, injinia akasema yake: joto kali, dalili za kukosa maji, mtu mgeni wa kazi. Neno ukoko halikutajwa. Neno kisima halikutajwa.

Nilipoitwa nilisimama, nikaeleza tangu mwanzo, jinsi ngozi inavyotolewa, jinsi inavyosomwa, na siku zilizoandikwa. Nilisema kwa dakika kama tano. Mkalimani akageuka akasema kwa Kiingereza sentensi mbili. Kiingereza changu kilikuwa cha karakana, lakini kilinitosha kusikia kwamba amesema huyu boi anadai ameona boila likiwa bovu. Damu ilinipanda kichwani. Bwana shauri yule alikuwa amekaa nchini miaka mingi, na sokoni alibishana bei ya embe kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

Nikasema, "Bwana, wewe Kiswahili unakijua. Naomba unisikilize mwenyewe."

Mkalimani alinikazia macho. Askari wa mlangoni akasogea. Bwana shauri akamwambia mkalimani apumzike, nami nikaanza upya. Nikaviweka vile vioo viwili mbele yake pamoja na michoro ya Mhaya. Alisoma karatasi ndogo, akamnyooshea injinia kioo kimojawapo na kumuuliza kama mwandiko huo ni wake.

Injinia alikitazama kile kioo muda mrefu kuliko alivyoitazama ngozi ya dari siku ile. Akasema ndiyo, ni wake. Akaongeza haraka kwamba hiyo ni ngozi ya kutupwa, na kwamba mtu asiye na elimu hawezi kuisoma, yeye mwenyewe alihitaji miaka. Kisha akanigeukia.

"Umeviiba hivi," akasema.

"Uliviweka kwenye takataka," nikamjibu. "Ulivyoviweka mfukoni viko wapi?"

Bwana shauri akauliza swali hilohilo kwa Kiingereza. Injinia akasema hana hakika. Basi bwana shauri akaagiza hadubini ya injinia iletwe kutoka garini, na mie ndiye niliyeiweka mezani, karibu na dirisha, nikaugeuza mwanga ukae ubavu. Nikaweka ngozi ya ubavuni. Akatazama. Nikaweka ya dari. Akatazama, akaniomba nirudishe ya kwanza. Halafu akamuuliza injinia kwa sauti ya chini maneno ambayo sikuyapata yote, ila nilipata mawili: kabla, na kwa nini. Injinia alitoa kiko chake, akaanza kukijaza. Meneja alitazama dari la chumba.

Tukaambiwa tutoke. Tulikaa kwenye ngazi hadi jua lilipofika utosini. Tulipoitwa tena, bwana shauri alisoma karatasi fupi: fayamani hatashtakiwa. Chanzo cha kupasuka hakikuweza kuthibitika. Baraza limefungwa.

Watu wetu walinishika mikono, wakanipongeza. Sikuweza kucheka nao. Hakikuweza kuthibitika. Alikitazama kwa jicho lake, mara mbili, akaomba na mara ya tatu. Alichokiona kilitosha kumwachia mtu aliyeungua, lakini hakikutosha kuwagusa wawili waliokaa kwenye viti. Hakuna aliyempa shemeji pole. Walimpita mlangoni, yeye akiwa ameegemea ukuta, wakashuka ngazi wakizungumza. Mke wangu aliwatazama mpaka gari likaondoka, kisha akanigeukia mie. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya hospitali. Hakusema kwamba amenisamehe, wala hajapata kusema. Aliniambia nimshike nduguye upande wa pili.

Karakana ilinifukuza kesho yake kwa kosa la kuchukua mali ya kazini. Mhaya alihamishiwa hospitali ndogo ya ndani kabisa ya Rufiji, mahali pasipo hata hadubini. Aliniandikia barua moja, akanisalimia, akauliza hali ya mgonjwa, akasema anafunga vidonda. Mkono wa shemeji ulipona ngozi lakini vidole havikufunguka tena.

Nikafungua kibanda cha kutengeneza cherehani Keko, na shemeji akawa anakaa nami, akigeuza gurudumu kwa mkono wa kushoto. Kinu kilileta boila jipya. Nilisikia hivyo, na nilisikia pia kwamba maji ni yaleyale ya kisima. Mwanzoni sikuamini. Nilimuuliza karani mara tatu.

Ilipita kama miezi sita, Jumapili moja wakaja mafayamani watatu wa kinu, na mkubwa wao alikuwa mzee kuliko mie. Walisema boila jipya linakula kuni nyingi kuliko mwanzo na mvuke unachelewa. Walitaka kujua kama lile jambo la shemeji linarudi. Nikawaonyesha michoro ya Mhaya, niliyokuwa nimeomba nirudishiwe baada ya baraza. Nikawaeleza kwamba kwa sasa hawahitaji hadubini: wadai mfuniko wa juu ufunguliwe boila likiwa limepoa, mtu aingize mkono na kisu, apime ukoko. Shemeji aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza, akauacha pale. Mzee wao aliutazama, akasema kesho hawawashi.

Na kweli Jumatatu hawakuwasha. Meneja alileta vibarua, vibarua wakaambiwa habari getini, wakarudi. Siku ya pili wanawake wa kukausha mbata nao walikaa chini nje ya ukuta. Siku ya tatu, asubuhi, mfuniko ulifunguliwa, na yule mzee akaingiza mkono hadi begani. Alitoka na kipande cha ukoko kinene kama kidole. Boila la nusu mwaka. Maji ya bomba la mji yalirudishwa wiki ileile.

Mie na shemeji tulikuwa getini siku hiyo. Watu walishangilia, wakarudi kazini mmoja mmoja, moshi ukaanza kutoka. Gari la meneja lilitoka saa sita, likapita mbele yetu kwa ukaribu wa kumgusa mtu. Kioo kilikuwa wazi. Alituona, alitujua, akageuza uso kumwambia dereva kitu. Shemeji aliniambia twende, jua kali, kuna cherehani ya mtu inasubiri. Nilimwambia atangulie. Nilibaki pale nimesimama hadi vumbi la gari likatua, nimekunja ngumi kama mtu anayengoja kuitwa tena mbele ya bwana shauri, na hakuna aliyeniita.